Mpira wa Buti la Hajati

Siku ile tulikuwa sita. Nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, ndiyo kwanza ameanza sekondari, na mdogo wangu wa kike anayemfuata, na kitindamimba wetu, msichana wa miaka mitano aliyekuwa bado ananyonya kidole. Alikuwepo baba mdogo, aliyekuja kwa basi kutoka kaskazini. Na alikuwepo Hajati mwenye duka la vitambaa chini ya kilima cha Mbuya, pamoja na gari lake la umeme.

Baba alikuwa askari. Mama alitangulia, yeye akafuata, na nyumba ya kambini haibaki kwa watoto wa askari aliyekufa. Tulitakiwa kurudisha ufunguo saa sita mchana. Mimi nilikuwa nimeshapanga chumba Kawempe kwa pesa za kazi yangu ya kushona. Shule niliiacha mama alipougua, na sikumwomba mtu anihurumie kwa hilo.

Ukoo ulikuwa umekaa bila mimi na kukata shauri: kitindamimba aende kijijini na baba mdogo. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuja na biskuti, na mkoba wa mtoto aliufunga kwa mikono yake mwenyewe, nguo zikiwa zimekunjwa vizuri. Lakini hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia mbele ya wote kwamba pale hatuachi kitu na hatuachi mtu.

Alicheka. Yeye pia aliwahi kuvaa magwanda, na Kiswahili chake ni cha amri.

"Sawa. Gari ni moja, safari ni moja. Kitu kimoja kikibaki chini, huyu mtoto anakuja na mimi. Mtu anashindwa kubeba sufuria, atabeba mtoto namna gani?"

"Sawa," nikasema. Wadogo zangu walinitazama kama nimewauza.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Gari lina viti vitano: Hajati anaendesha, sisi wanne tunajaza vilivyobaki. Vyombo vilitapakaa uani, na buti lilionekana fupi. Ili vyote viingie ilibidi viti vya nyuma vikunjwe, na viti vikikunjwa watoto hawana pa kukaa. Alikaa kwenye ngazi, mkono wa kitindamimba mkononi mwake, akasubiri.

Babu zake Hajati walifika Kampala na biashara kutoka pwani, na sijamwona mtu akimharakisha. Magodoro tuliyafunga juu ya paa kwa kamba. Kisha yeye akaenda mbele, akafungua boneti. Baba mdogo akainuka kuchungulia.

"Hajati, wamekuibia injini."

"Wameniachia sanduku, baba. Leteni cherehani."

Pale ambapo magari mengine yana injini palikuwa na shimo safi la plastiki. Cherehani ya mkono ya mama iliingia, tukaizungushia mablanketi isigonge. Akarudi nyuma, akainua sakafu ya buti, na chini yake kulikuwa na nafasi nyingine. Sufuria, sahani, pasi, viatu na vitabu vya shule vikashuka humo. Sakafu ikarudi mahali pake, na juu yake akatandika mpira mweusi mzito, kingo zake zimeinuka pande zote kama sinia.

Vilibaki vichafu na vyenye maji: sigiri yetu yenye majivu, nusu gunia la mkaa, kuku watatu kwenye tenga, jembe lenye udongo, na beseni la nguo nilizofua alfajiri. Sikutaka tuingie Kawempe na nguo chafu.

"Hizo haziingii," baba mdogo alisema. "Maji na gari ya umeme? Tone moja tu, mtabanikwa wote pamoja na kuku."

Hata mdogo wangu wa kiume, ambaye hupenda sana fizikia, alirudi nyuma. Hajati alichota kikombe cha maji, akakimwaga katikati ya mpira. Maji yalikimbilia ukingoni, yakatulia hapo.

"Nimebeba samaki humu, na barafu yao," alisema. "Weka beseni."

Niliweka, pamoja na vingine vyote. Mlango wa buti la gari lile hujifunga wenyewe ukibonyeza kitufe. Ulishuka taratibu, ukagusa mpini wa jembe, ukapanda tena juu.

"Hata gari imekataa," alisema baba mdogo.

Nilitoa kila kitu, nikapanga upya: mkaa chini, sigiri kando, beseni juu ya mkaa, tenga la kuku likabana katikati. Jembe nikalipitisha ndani, likalala chini ya miguu yetu. Nikabonyeza. Mlango ukashuka na haukupanda.

Baba mdogo alizunguka ua wote. Hakukuwa na kitu ila manyoya ya kuku. Nikamchukua kitindamimba mkononi mwake, nikamkalisha kitini.

"Na huo mkoba?" nikauliza.

Aliushika muda mrefu, kisha akanipa kupitia dirishani. "Kawempe maji yanaingia ndani ya nyumba."

"Tutayakanyaga, baba."

Yaliingia kweli. Hajati aliligundua hilo kabla yetu: tuliposhusha mizigo aligusa sakafu ya chumba kwa kiganja, akarudi garini, akaung'oa mpira, akaukung'uta mkaa na kuutandika pembeni. "Mtoto asilale kwenye unyevu. Mtanirudishia." Mvua ya kwanza ilipopita chini ya mlango, mimi na wenzangu tulilowa. Kitindamimba alilala mkavu juu ya mpira kama mzigo wa thamani.

Sasa nimeweka kizingiti cha saruji, na mpira hatuuhitaji tena. Mdogo wangu wa kiume ananiambia niupeleke tu, nimalize. Hajui anachosema. Kila Ramadhani Hajati alituletea sinia la futari, na mama hakurudisha sinia tupu hata siku moja. Aliliwekea siagi ya simsim, ule ufuta wa kaskazini, au mboga, au kiganja cha njugu ikiwa hakuna kingine. Huu mpira ni sinia lenye ukubwa wa buti zima, na sahani ya mandazi katikati yake itakuwa tusi.

Baba mdogo alituma simsim kwa basi, nusu gunia, bila salamu. Nilikusudia iwe ya Hajati. Tukaila.

Nikipita dukani kwake ananiuliza, "Mpira wangu mzima?"

"Mzima, Hajati."

"Na mtoto?"

"Ameanza shule."

Mpira nimeuosha, nimeukunja, uko chini ya kitanda, nao hautatoka hapo mpaka niwe na cha kuujaza.