Tulivyoingia Kwaluguru na Spika

Nilimpeleka Linh Kwaluguru kwa sababu moja tu: nilitaka asituache. Alikuwa mwanafunzi kutoka Vietnam, ameletwa kwetu Makuyuni, wilayani Korogwe, kwenye mashamba ya majaribio ya mihogo, ajifunze kazi na anyooshe Kiingereza chake. Ofisini tukajifanya wajanja, tukapeana amri: Linh akiwepo, Kiingereza tupu. Matokeo yake kila mtu akawa anamkwepa. Wenzangu wakimwona anakuja na kikombe cha chai, ghafla wanakumbuka kazi za shambani. Yeye akaamini tunamchukia. Siku moja jioni akaniambia, macho makavu kabisa, kwamba kesho yake atampigia mratibu wa masomo yake aombe tiketi ya kurudi kwao.

"Twende Kwaluguru kwanza," nilimsihi. "Kuna mkutano wa wakulima. Tukirudi, piga hiyo simu."

Asubuhi tuliondoka Makuyuni kwa pikapu, spika mbili zimefungwa juu. Dereva wetu Athumani, ambaye kwa Kiswahili hamwachi mtu apite bila kumtania, alikuwa bubu. Linh akimtazama, yeye anakodolea barabara kama anafanya mtihani wa leseni. Nikaongea peke yangu mpaka tukaipita Segera.

Mkata tulisimama kununua maji. Nikampigia Mzee Mhina, mwenyekiti wa kitongoji aliyetuandalia mkutano. Simu haipatikani. Nikajiambia labda ni mtandao.

Tulipokaribia Kwaluguru, Athumani akawasha spika, kama tunavyofanya siku zote kuita watu. Muziki ukalia kijiji kizima, kisha sauti yangu iliyorekodiwa ikawakaribisha wote kwa shangwe. Hakutoka mtu. Mashamba matupu, maduka yamefungwa. Kwenye kona tukakutana na wanaume wamejaa njiani, kofia kichwani, nyuso zimekunjamana. Mmoja akapiga boneti kwa kiganja.

"Zimeni hicho kitu! Hamwoni kuna msiba?"

Athumani akahangaika na kitufe, badala ya kuzima akaongeza sauti. Nilitamani ardhi inimeze. Ilipozimika hatimaye, Mzee Mhina akajitokeza katikati ya kundi.

"Shikamoo, mzee. Tusamehe, hatukujua."

"Marahaba. Simu yangu haina chaji tangu jana," alisema bila kunitazama. "Mama yangu amefariki. Hapa hakuna anayeshika jembe wala anayekwenda mkutanoni mpaka tumzike."

Nikarudi garini. Linh alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. "Wamenikasirikia mimi?"

Nikamwambia hapana, abaki humo, mimi nikatoe pole tuondoke. Ukweli ni kwamba niliogopa. Akikosea mbele ya wafiwa, akikwepwa tena, basi tumempoteza. Nikajifunga khanga. Kugeuka, Linh ameshashuka, amechukua khanga yangu ya pili kwenye kiti na kujitanda kichwani.

"Nisemeje?"

"Sema poleni."

Uani wanawake walikuwa wamekaa mikekani, wanamenya mihogo ya chakula cha msibani. Linh akapita akiwapa mkono mmoja mmoja. "Poleni." "Tumeshapoa, mwanangu." Wakamsogezea nafasi, wakampa kisu. Akamenya. Macho yote mikononi mwake.

Bibi mmoja akauliza, "Huyu naye ana bibi kwao?"

Nilifungua mdomo nitafsiri, lakini Mwanaidi akaniwahi. Alikuwa binti wa Mzee Mhina, anasoma chuo Dar es Salaam, macho yamemvimba kwa kilio. Kiingereza chake kilichechemea sawasawa na cha Linh, na hakujali.

Linh akaweka kisu chini. Akasema bibi yake alifariki yeye akiwa kwenye mitihani. Wazazi walimficha. Kila akipiga simu wanamwambia bibi amelala. Alipomaliza karatasi ya mwisho ndipo wakamwambia, na bibi ameshazikwa.

Mwanaidi akamshika mkono. "Mimi jana wameniambia bibi anaumwa, niwahi. Nimefika, nimeona turubai nje. Ndipo nikajua."

Wakalia wote wawili. Na mimi nikalia, sioni haya kusema. Tangu hapo kazi yangu ya ukalimani ikaisha. Waliongea mpaka wanaume wakarudi kutoka makaburini, maneno yamevurugika, mikono inasaidia pale Kiingereza kinapokwama, na hakuna aliyecheka.

Mwanaidi alitusindikiza hadi kwenye gari. "Ijumaa tunamsomea bibi hitma," akamwambia. "Uje."

Jioni, tulipoiacha Mkata, Linh akatoa simu. Njia nzima nilikuwa nikiwaza jinsi tulivyomtafutia lugha kwa amri, wakati alichokosa ni mtu wa kumwambia jambo lake. Sasa niliona tumechelewa.

"Tiketi, hapana," nilimsikia akimwambia mratibu. "Ijumaa siwezi safari. Kuna hitma ya bibi yetu."

Bila shaka mratibu aliuliza hitma ni nini, maana Linh alianza kueleza. Akakosea, akarudia, akakosea tena, akaendelea. Sikumsahihisha. Athumani akapunguza mwendo, mtandao usije ukakatika.