Kaseti ya Mama Kabula

Enzi zetu, ukitaka wimbo ulikuwa unaufuata kwa miguu, tena siku ya mnada, maana siku nyingine mwenye wimbo yuko shambani kwake analima. Mliokulia huku Runzewe mnakumbuka. Madukani kulijaa kaseti za dansi na za kwaya, na redioni mambo yalikuwa hayo hayo. Manju wetu, wale watunzi wanaoviimbia vikundi vya kulima, hawakuwa na duka wala stesheni. Walirekodi wenyewe, wakaja kutandaza kaseti zao juu ya kanga, katikati ya wauza kamba za ng'ombe na wauza ugoro.

Kununua nako kulikuwa na adabu yake. Unachuchumaa, unaamkia, "Shikamoo manju," anaitikia, halafu anaichomeka kaseti kwenye redio iliyofungwa kwenye betri ya gari. Mnasikiliza upande wa kwanza wote. Ukitikisa kichwa kidogo tu, watu nyuma yako wameshaanza kuchezesha mabega na vumbi linapanda. Kijana wa leo anausikiliza wimbo sekunde kumi, anauruka, eti haubambi. Wimbo wenyewe haujamaliza hata kusalimia!

Kaseti ninayoikumbuka kuliko zote, baba aliinunua kwa jogoo. Msimu ule kikundi cha mama kilikuwa kinalima shamba la pamba, manju mbele yao akiimba, na mama, mtu mpole asiyepaza sauti hata akiita kuku, akawaacha wanaume wote nyuma. Manju akamsifu papo hapo: Mama Kabula, jembe lake halijui kivuli. Kabula ni mimi, mtoto wake wa kwanza. Manju alipokwenda kurekodi, ubeti ule akautia ndani. Kwetu ukitajwa na manju umetajwa, hata watu wa Ushirombo wasiokujua wanakujua. Siku kaseti ilipofika nyumbani, mama aliisikiliza amesimama mlangoni na ungo mkononi mpaka jina lake likapita. Jioni ile alisonga ugali amevaa kitenge chake cha Jumapili.

Sasa sikieni ujinga wangu. Nilipofika darasa la sita nikaamua kwamba nyimbo za manju ni za washamba. Redioni kulikuwa na wimbo mpya wa vijana wa Dar es Salaam, shule nzima inauimba, nami nikautaka uwe wangu. Redio kaseti yetu ilikuwa haikamati tena stesheni, kwa hiyo niliazima redio ndogo ya jirani nikazikalisha zote mbili mezani, zinatazamana. Kaseti tupu sikuwa nayo. Nikachukua ya mama, nikaziba kwa karatasi niliyoitafuna vile vitundu vya juu vinavyozuia kurekodi, nikabonyeza, nikawakemea wadogo zangu. Nilijiambia upande ule una nafasi mwishoni. Haukuwa nayo.

Jumapili baada ya misa walikuja shangazi zangu, na mama akaomba, kwa aibu kidogo, awekewe kaseti yake. Manju akaimba weee, na pale pale jina la mama lilipokuwa linakuja, wakaingia vijana wa Dar na ngoma zao. Shangazi wakacheka wakidhani ni utani. Mama aliizima. "Redio imeila," akasema, akaenda kutoa karanga. Mimi nilikuwa nimeinamia sakafu. Baba alizunguka minada mitatu akimtafuta manju, akaambiwa amefuata dhahabu Geita na hajulikani yuko shimo gani. Nami nikanyamaza, nikanyamaza mpaka nikawa mtu mzima mwenye watoto.

Simu yangu inabeba nyimbo nyingi kuliko kaseti zote za mnada ule, na hakuna hata moja inayomjua mama yangu. Jambo hilo lilinisumbua. Mwaka jana, Buseresere, niliingia kwenye kibanda cha kijana anayewawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Ana nyimbo za asili alizozitoa kwenye kaseti za babu yake. Akaniuliza wimbo unaitwaje. Sijui, nikamwambia, twende tu, mmoja baada ya mwingine. Kila dakika ananiuliza, "Niruke, mama?" Namjibu, "Acha uishe." Ilifika saa tisa alasiri ndipo nikasikia: Mama Kabula, jembe lake halijui kivuli. Nililia mbele ya wateja wake, na sikujali.

Nilimpelekea mama. Siku hizi miguu imemchoka, halimi. Alisikiliza, akatabasamu, akasema nirudishe. Nikarudisha mara mbili. Halafu nikamwambia ukweli wote, hadi ile karatasi niliyoitafuna.

"Nilijua siku ile ile, ng'wana wane," akasema. Akafungua sanduku lake akatoa kaseti ile ile, imefungwa kwenye leso.

Nikamuuliza, mayu, mama yangu, kitu kilichoharibika umekitunza cha nini?

"Kabla ya ule wimbo wenu unasikika wewe unawagombeza wenzio: nyamazeni, inaanza! Jina langu naitwa kila siku. Hiyo sauti yako ya utoto ningeitoa wapi?"

Redio ya kuichezea haipo tena nyumbani, na mtaa mzima sikuipata. Tulikaa tu tukaishika, mara yeye, mara mimi.