Niliwafundisha Kujibu Kwamba Wana Furaha

Nimekosa, na sina pa kulitua hili jambo ndiyo maana nakuandikieni. Mkiniona mbaya, mko sahihi.

Mimi ni mwalimu wa malezi katika sekondari moja ya kata, huku upande wa Bugarama. Wazazi wengi wako machimboni, watoto wanalelewa na bibi zao. Mwaka jana tukaambiwa watakuja wageni kupima ustawi wa vijana. Si malaria wala uzito. Walitaka kujua kama mtoto analala vizuri, anakula kwa hamu, anacheza na wenzake, ana mtu mzima wa kumweleza shida. Nakala ya maswali tulitumiwa mapema.

Sasa mimi nimezoea mitihani. Nikiona karatasi yenye maswali na visanduku vya kuweka alama ya vema, akili inakimbilia ufaulu tu. Nikaapa shule yangu haishiki mkia. Jamani, nikawafundisha majibu!

Siku mbili nzima niliwakaririsha kidato cha pili. Unalala vizuri? Mara zote. Una hamu ya kula? Mara zote. Ukiwa na shida unamwambia nani? Mwalimu wangu. Darasa zima liliitikia kama kwaya, nami nikajiona mwalimu kwelikweli.

Binti mmoja, nitamwita Kabula, alinyoosha mkono. Mama yake alikuwa amefariki miezi michache tu kabla.

"Madam, na kama hulali?"

"Kabula, usituharibie shule. Andika mara zote."

Akaandika.

Majibu yakatoka, tukawa wa kwanza kwa furaha kati ya shule zote zilizopimwa. Kwenye kikao cha wazazi nilipigiwa makofi, nikayapokea bila haya. Mshauri wa vijana na vifaa vya michezo, ambavyo wale wageni walikuwa wameviandaa kwa shule yenye shida, vikapelekwa shule nyingine, upande wa Runzewe, ambako watoto walisema ukweli wao. Sisi wenye furaha mshauri wa nini?

Wiki hiyohiyo Kabula alinifuata ofisini saa ya chai. Si nilikuwa nimewafundisha kwamba shida anaambiwa mwalimu? Alisimama mlangoni akasema, "Madam, naomba kuongea na wewe." Nilikuwa nasahihisha madaftari, sikuinua hata kichwa. Nikamwambia baadaye. Hiyo baadaye sikuitafuta, naye hakurudi tena kunisumbua.

Akaanza kukonda. Niliona, nikasema ni umri. Kisha akaacha kuja shule.

Sasa ni wiki ya tatu yuko wodini. Hali chakula. Daktari anasema vipimo vya mwili havionyeshi ugonjwa, kuna jambo linamla ndani na asipolisema tutampoteza. Jumamosi nilikwenda. Bibi yake alikuwa ameshika kikombe cha uji akimbembeleza, "Kunywa kidogo tu, mayu, mama yangu." Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku uso umemchangamka.

"Afadhali umekuja, mwalimu. Wewe anakusikiliza. Muulize wewe."

Nikakaa pembeni ya kitanda. "Kabula, unalala?"

"Mara zote, Madam."

"Na chakula, una hamu nacho?"

"Mara zote." Uji ulikuwa umeshapoa mkononi mwa bibi.

Machozi yakanitoka. Nikamuuliza, "Ukiwa na shida, unamwambia nani?"

"Mwalimu wangu," akasema, akageukia ukutani.

Nimemwomba msamaha. Nimemwambia majibu yale yalikuwa yangu, ayatupe. Alivuta shuka, akajifunika. Bibi naye nimemweleza yote. Akaendelea kukoroga uji.

Walimu wenzangu, nanyi wazazi, mtoto akiulizwa hali yake, msimjibie, wala msimpe jibu la kuwapendeza ninyi. Akisema halali usiku, kaeni chini mumsikilize hapohapo, madaftari yatasubiri.

Kesho narudi wodini. Tangu Jumamosi natafuta swali moja tu ambalo sikumfundisha jibu lake.