Nilimsingizia Shemeji wa Jirani, Kumbe Waya Ulikuwa Wangu

Mkosaji ni mimi, na sitafuti wa kunitetea. Jambo hili limenishinda kulibeba, acheni niliseme.

Naishi Masumbwe, nafanya kazi kwenye karasha, tunasaga mawe ya dhahabu. Mwaka jana nikaamua kuzungushia nyumba yangu ukuta. Nikawa najenga mwenyewe jioni nikitoka kazini. Fujo niliyoifanya pale! Vipande vya waya wa kufungia nondo, misumari, mifuko ya saruji, vyote niliviacha palepale vilipoangukia.

Jirani yangu Mama Shija ni mjane. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na binti yangu Limi alikunywa maziwa hayo kila asubuhi, bure! Ng'ombe mwenyewe alikula majani kando ya ukuta wangu.

"Baba Limi, okota hizo nyaya. Mnyama atazimeza na majani."

"Nikimaliza nitafagia vyote kwa pamoja, mama."

Jeuri gani ile!

Haukupita muda, ng'ombe akaacha kula. Akakonda, mgongo umejikunja, kila akitembea anaguna. Mama Shija akaja kwangu analia. Moyoni nilishahisi ni nini. Lakini huu mdomo wangu! Nikamwambia, "Mama, si uligombana na shemeji yako kuhusu shamba? Isije ikawa amemlisha sumu."

Akaniamini. Akaenda kwa shemeji yake akamtukana mbele ya watoto wake. Na shemeji huyo ndiye aliyekuwa akimlimia kwa plau kila msimu.

Bwana mifugo alipofika alisema hakuna la kuokoa, mchinjeni. Mchinjaji akapasua, akaingiza mkono, akatoa kipande cha waya. Kilikuwa kimetoboa tumbo hadi kwenye moyo. Ncha imepindwa kwa koleo, vile ninavyopinda mimi.

Mama Shija akakitazama, kisha akanitazama.

"Ng'wanawane, ulijua?"

Mtoto wake, ananiita hivyo hata hapo! Hata pole haikutoka.

Baadaye nilikwenda kwa yule shemeji kukiri. Alinisikiliza amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini aliyeniita mchawi wa sumu mbele ya wanangu si wewe, ni yeye. Atafute mwingine wa kumlimia."

Msimu huu mvua zilipoanza, nikachukua jembe nikaenda shambani kwa Mama Shija, nimlimie. Alinikuta nimeshaanza mstari wa kwanza. Hakupandisha sauti.

"Rudi kwako, baba. Utanisahaulia waya humu."

Nilitembea kurudi nyumbani nalia njiani, mtu mzima mimi!

Wenzangu mnaojenga, okoteni vyenu kabla hamjanawa mikono. Na jirani akikuuliza kilichomsibu, mwambie unachokijua, hata kama kinakuaibisha. Mimi nilikimbia aibu ya siku moja. Sasa mama wa watu analima peke yake kwa mkono, na msaada wangu hautaki.