Mwandiko Usio na Mkono

Wiki iliyopita tulimzika mama mmoja aliyekuwa akituchapia programu za mazishi hapa Karatina, na tumemzika mahali asipopataka. Nasema hivyo bila ushahidi, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilimfahamu mama huyo wakati baba yangu alipofariki. Nilimpelekea maneno yangu ya kumuaga mzee, akayachapa, kisha akakunja uso mbele ya kompyuta. "Ukiacha hii fonti ya kawaida itakaa barua ya chifu," akaniambia. "Wacha niweke hii ya mkono. Watu watasema ni wewe umeandika ukilia." Akabonyeza, na maneno yangu yakalala upande, yakaota mikia na vitanzi. Mwandiko wangu halisi hata mimi hunishinda kuusoma, lakini shangazi zangu waliishika programu ile wakalia, wakanisifu. Sikuwasahihisha. Tangu hapo tukawa marafiki, nami naziona herufi zile kila mahali: kadi za harusi, chupa za asali kule Naro Moru, mabango ya hoteli yanayojifanya yameandikwa na mpishi mwenyewe. Tumezoea kufurahishwa na mkono wa mtu ambaye hayupo.

Alipofariki yeye, bintiye alipata karatasi kwenye droo ya saiba yake, kile kiduka chake cha kompyuta. Ilisema azikwe Naro Moru, katika shamba alilolinunua mwenyewe, si kwa wakwe zake. Ilikuwa kwa herufi zile zile, bila sahihi. Kwenye kikao cha mazishi, shemeji mkubwa wa marehemu akavaa miwani. "Angalieni hii 'a', na hii, na hii ingine. Ni mtu gani anaandika zote sawasawa? Hii ni mashine. Hata wewe msichana unaweza kuchapa." Binti akanigeukia. "Anko, si wewe unajua vile mum huongea? Waambie." Nilijua. Niliisikia sauti yake katika kila mstari. Lakini kuapa kwamba ni vidole vyake vilivyobonyeza? Nilifungua mdomo, nikaufunga. Kimya changu kikachukuliwa kuwa jibu, na jeneza likaenda kwa wakwe.

Jana nilikutana na binti huyo sokoni. Alinisalimia kwa heshima ile ile, nami nikashindwa kumtazama usoni. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshafika. Basi, msomaji wangu, kama una neno unalotaka litimizwe, liandike kwa kalamu, utie sahihi, mchana kweupe, mbele ya watu. Na siku ukiulizwa kama unaijua sauti ya rafiki yako, usingoje kuapishwa. Sema unaijua.