Kigari cha Kuingia Badala ya Kijiti

Wembamba wetu sisi wengine ni wa kutaniwa tu. Wa Kijiti ulimpa kazi: genge lake la kuzibua maji taka likikuta bomba limeziba, yeye ndiye aliyeingizwa. Dada yake alikuwa hali akashiba, halali akasinzia. Mwisho akamgeukia mumewe, fundi redio, bingwa wa kufungua kitu na kukirudisha huku skrubu mbili zimebaki mezani.

"Baba Pacha, sina ndugu mwingine. Mtoe humo mabombani."

Fundi akatafuta kikompyuta cha ubao mmoja, kinachoenea kiganjani, akakifunga juu ya magurudumu ya gari la kuchezea, pamoja na kamera, taa na betri. Waya mrefu ulileta picha kwenye simu. Kijiti akakijaribu uvunguni mwa kitanda, akaibua kiatu cha dada yake kilichopotea zamani, akacheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, umenifukuzisha kazi!"

"Ndiyo nilichotaka."

Siku ya kwanza kigari kilitambaa bombani kama mende, kikaonyesha rundo la matambara lililoziba njia. Hata msimamizi, mtu asiyesifu kitu, alisema kinafaa. Kisha kikanasa kwenye tope. Fundi akavuta waya, haukuja.

"Kiacheni, hata kikipotea nitaunda kingine," akasema, akaenda garini kutafuta ndoano.

Kijiti hakukiacha. Alijua shemeji yake alivyokihangaikia, na shimo lile aliliona kama chumba chake. Fundi aliporudi alikuta wenzake wameinamia chemba, na kwenye simu mkono unashika kigari. Uso wa Kijiti ukajaa kwenye kioo, ukitabasamu. Halafu ukalala ubavu ndani ya maji, macho wazi. Gesi ya kule chini haipigi hodi. Fundi alimwita, akamwita tena, akiipigia kelele simu isiyoweza kupeleka sauti.

Msibani watu walisema ajali haina kinga. Mimi jirani yao niliudhika. Kinga ilikuwepo. Niliiona ikiundwa barazani kwao.

Dada yake alimuuliza mumewe mara moja tu.

"Kwani kigari hakikufanya kazi?"

"Kilifanya, mke wangu. Kilinionyesha kila kitu."