Mdomo wa Magese kwenye Ukumbi wa Video

Magese hakujua Kihindi hata neno moja. Nasema hili mwanzoni kabisa, maana wapo watakaokuja kuniambia kama vile wamenifumbua macho. Nilijua. Pale Somanda, mtaani kwetu Bariadi, wote tulijua, na kiingilio tulikitoa kwa ajili yake, si kwa ajili ya Wahindi wa kwenye picha.

Kabla ya hapo alikuwa mpima pamba wa chama cha msingi cha ushirika, kule kwao Nkololo. Wanunuzi binafsi walipoingia na mizani yao, chama kikafunga ghala, Magese akabaki na kalamu mfukoni. Mwaka mzima alizunguka Bariadi akiomba kazi ya kupima. Hakuna aliyemtaka. Walisema mtu wa chama anapima sawa mno. Ndipo Kristofa, mwenye ukumbi wa video, akamwambia asimame kando ya televisheni awaeleze watu picha, kwa sababu walikuwa wanatoka katikati kwa kutokuelewa.

Akasimama. Aliteremsha sauti ya televisheni, akashika fimbo yake ya kuchungia, akaanza kwa Kisukuma. Jambazi wa kwenye picha alimfanya mwizi wa ng'ombe. Msichana anayeimba mvuani, alisema ng'ombe wa mahari yake wamekuja pungufu, ndiyo maana hataki kuingia ndani. Mambo yakaeleweka. Ukumbi ukajaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia.

Mimi nilikuwa nauza karanga mlangoni, na benchi la mbele lilikuwa langu. Miaka minane. Kwa hiyo asinifundishe mtu habari za picha. Za karate sizipendi: watu wanapigana hawajaelezana kosa. Za vita ni uongo, mtu mmoja anaua kijiji kizima na risasi haziishi, na hakuna mama hata mmoja anayekuja kuuliza mwanangu yuko wapi. Za Kihindi ndizo picha. Wanaimba kwenye shida, hata sisi tunaimba tukipalilia. Na juu ya zote uweke ule mkanda wa mama kipofu mwenye wana wawili waliopotezana. Mama yule alipokuwa anakufa, Magese alimpa maneno marefu. Aligawa ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa majina na rangi zao, akafika kwa ndama wa mwisho akasema huyu msimuuze, huyu ndiye atakayewakumbusha sauti yangu. Wanaume walikuwa wanatoka nje kujifanya wanakohoa.

Halafu akaja Anatoli. Alifungua ukumbi wake ng'ambo ya barabara, televisheni kubwa, na mikanda kutoka Dar es Salaam ambayo tayari ina mtu ndani yake anayetafsiri kwa Kiswahili, kwa mizaha. Mlangoni aliweka gemu. Niliitazama ile gemu nusu siku nzima. Kimtu kinakimbia, kinatumbukia shimoni, kinakufa, kinaamka. Roho tatu. Halafu hakuna anayelia. Nikawaambia vijana, kama hafi kabisa mnatazama nini? Wakasema, mayu, yaani mama, sogea kidogo, unaziba kioo.

Watu wa Kristofa wakaanza kupungua. Kristofa akamwambia Magese wazi kwamba hali ikiendelea hivi, atamwondoa na yeye ataleta mikanda ya kutafsiriwa. Magese alikuwa na miaka hamsini na tatu. Kalamu ilishamtoka, sasa mdomo nao.

Hapo ndipo mimi nilipoingia, na sikuitwa. Kwetu, mavuno yakiisha, vikundi viwili vya ngoma vinapanga siku moja, uwanja mmoja, kila kimoja kinacheza upande wake. Hakuna hakimu. Watu wenyewe wanatembea kwenda kwa anayewavuta, na mwenye watu wengi ndiye ameshinda. Aliyeshindwa anafunga ngoma zake na hapo hachezi tena mpaka mavuno mengine. Nikasema Magese na Anatoli washindane hivyo. Mkanda wa mama kipofu, saa ileile, kumbi mbili.

Magese hakutaka. Alinijia nikiwa nachambua karanga, akachuchumaa.

"Mayu, ngoma wanacheza watu pande zote mbili. Kule kwa Anatoli nani anacheza?"

"Unaogopa mkanda?" nikamwambia. "Mtu mzima na fimbo yake?"

Aliinuka, akajipangusa magoti. Kisha akasema sawa.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, alasiri, pamba imeshauzwa na watu wana nafasi. Wakati wa kuanza ukumbi wa Kristofa ulikuwa umejaa, nami nikajisifu kwa sauti. Magese alianza vizuri. Kisha kutoka ng'ambo tukasikia kicheko kikubwa. Kijana mmoja akainuka, akasema anakwenda kukojoa. Wakainuka wawili. Magese akapandisha sauti. Kicheko tena. Likainuka benchi zima, na yeye akapandisha tena mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni.

Nikatoka. Nilikwenda kuwarudisha watu, nasema hivyo mpaka leo. Nilifika mlangoni kwa Anatoli, nikanyoosha shingo ili niwaone nimwite nani kwanza, na pale kwenye kioo kikubwa mama kipofu alikuwa amelala kitandani. Nikataka kumsikia mara moja tu, kwa mdomo wake mwenyewe. Nikabanana na wengine. Mtafsiri wa Dar akasema, "Mwanangu, mwanangu," basi, mama akafa. Ng'ombe hakuna. Ndama hakuna. Mtafsiri akatia mzaha juu ya kitanda, watu wakacheka.

Nilipogeuka, Magese alikuwa amesimama mlangoni kwa Kristofa ng'ambo, fimbo mkononi. Nyuma yake mabenchi matupu. Alikuwa amekuja kuhesabu watu, kama inavyotakiwa kwenye ngoma, na aliponiona nimo upande ule hakuendelea na hesabu.

Kristofa alikuwa tayari kumwacha amalizie mwezi. Magese alikataa. Alisema ameshindwa uwanjani mbele ya watu, na anajua inavyokuwa. Akaenda Nkololo kwa miguu. Mavuno mengine yalipofika hakurudi, na hata angerudi, ukumbi wa Kristofa ulikuwa umeshageuzwa gemu tupu, mashine sita.

Mwaka wa pili nilimfuata. Nilimkuta shambani anachuma pamba, kiroba kiunoni. Nikamsalimia, mwangaluka, akaitika bila kuinua mgongo. Nikamweleza kwamba maneno yake yalikuwa bora kuliko ya mwenye picha mwenyewe, na kwamba nilitoka kwa ajili ya kuwarudisha watu. Akachuma mstari mzima. Nikamwomba anisimulie tena mama kipofu anavyogawa ng'ombe wake, mimi peke yangu, hata bila picha.

"Mwisho wake uliuona kwa Anatoli," akasema, akahamia mstari mwingine.

Alikufa kiangazi kilichofuata. Nyumbani kwangu sasa ipo televisheni, mwanangu aliileta. Picha za Kihindi zikianza nateremsha sauti mpaka chini kabisa, nakaa kwenye kigoda changu. Midomo inachezacheza. Nangoja. Wajukuu wanaudhika, wanasema bibi rudisha sauti, nami siirudishi.